Mwaka Kimbunga Kilipochelewa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuamini msimu wa vimbunga kama abiria anavyoiamini ratiba ya treni. Nilisoma mahali kwamba upande wetu wa Bahari ya Hindi vimbunga huanza Novemba na kuisha Aprili, nikaimeza sentensi hiyo nzima bila kutafuna. Novemba ilipoingia nilianza kuogopa, Aprili ilipoisha nikaacha. Katikati hapo niliwatia hofu watu ambao hawakuwa na sababu ya kuogopa, halafu nikawatuliza watu wale wale siku chache kabla hawajawa na kila sababu. Nayaandika haya sasa kwa kuwa mwezi uliopita tumemzika Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wangu wa Mafiga, Morogoro. Siku ya matanga nilikaa uani kwake, mahali nilipokuwa nakaa mwaka ule, nikamwona Mama Skola amejifunga kanga za marehemu, anatembea kwa kuburuta kandambili kama alivyokuwa anatembea marehemu, anawafokea waombolezaji kwa sauti ya marehemu: "Nani kaacha bomba wazi? Maji yanalipwa na baba yako?" Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakiendelea kutoka. Kisha akajilaza mlangoni, akakataa kumpisha mtu mpaka apewe faini ya soda. Mgeni angedhani amerukwa na akili. Lakini Mama Skola ni Mluguru wa Mgeta, na Bi Mwanahawa alikuwa Mndengereko, mtu wa pwani, kule delta ya Rufiji, na wawili hao walikuwa watani. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya, kucheka kwenye msiba wako, nawe huruhusiwi kukasirika. Nilimtazama pale mlangoni nikakumbuka kwamba mwaka ule ruhusa hiyo ilifanya kazi ambayo elimu yangu yote ilishindwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifanya kazi kwenye steshenari moja karibu na chuo, upande wa Mazimbu, nikitoa kopi za wanafunzi kuanzia asubuhi. Shule yangu ilikuwa mashine ile. Kopi iliyotoka na mstari mweusi katikati au iliyokatwa pembeni tulikuwa tunaitupa, mimi nikawa siitupi. Nilizibeba nyumbani, nikazipanga kwa somo, nikazisoma. Ndiyo maana elimu yangu ina matobo. Wanafunzi hawatoi kopi ya kitabu kizima, wanatoa kurasa alizotaja mhadhiri. Najua sana jinsi mto unavyokata kona, sijui mto unaanzaje. Kuhusu vimbunga nilipata kurasa chache zilizonishika, sijui kwa nini hizo. Nadhani ni kwa sababu picha ya kimbunga kutoka juu ni nadhifu mno, duara safi lenye tundu katikati, na mimi ni mtu wa vitu nadhifu. Chumba changu kilikuwa kidogo, kitanda, meza na dirisha la kutazama uani, na nilikuwa siwezi kulala kama shuka halijalingana pande zote. Nilikuwa naandika meseji ya "nimefika salama" mara tatu kabla ya kuituma. Sijivunii hilo. Nalitaja kwa sababu hadithi hii haieleweki bila hilo.

Maisha ya nyumba ile yalikuwa uani. Kulikuwa na jiko la mkaa, mkeka, na ukuta mfupi ambao juu yake Mlima Uluguru ulionekana wote asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Siku za soko Mama Skola aliteremka na magari ya mboga kutoka Mgeta, akauza karoti na njegere zake sokoni, kisha akaja kwa Bi Mwanahawa kupumzika kabla ya gari la kurudi. Walikutana miaka mingi nyuma wakigombea mteja mmoja, mmoja akiuza karoti na mwingine samaki wakavu, na ugomvi ule ukageuka utani, utani ukageuka undugu. Alikuwa akiingia tu, mimi nikisema "Shikamoo mama," naye "Marahaba baba," shughuli inaanza.

"Mtani, bado unapumua?"

"Napumua nikusubiri wewe ufe nirithi karoti."

"Karoti zangu ziliwe na mtu wa pwani? Si utazipikia nazi!"

Halafu wanakula. Mihogo ya kuchemsha, maharage, chai ya rangi yenye tangawizi nyingi hadi inawasha koo. Mimi nilikula nao Jumapili na siku ambazo steshenari ilikosa umeme. Nilisikiliza zaidi kuliko nilivyosema. Leo nikikumbuka ule mwaka, sikumbuki kwanza mvua wala upepo, nakumbuka harufu ya tangawizi na wanawake wawili wanaotukanana kwa mapenzi huku wanamenyeana mihogo.

Januari niliona kwenye simu kimbunga kinajikusanya huko kusini, kati ya Msumbiji na Madagaska. Nilifurahi, nakiri, kama mtu aliyesoma habari za tembo kisha akamwona tembo. Niliwaambia pale pale uani, na kwa kuwa kaka yake Bi Mwanahawa, Mzee Salumu, bado alikuwa anaishi kule delta, kwenye nyumba ya familia ukingoni mwa mkono wa bahari, nilisema inafaa naye aambiwe. Bi Mwanahawa akashika shavu. Mama Skola yeye alitaka kujua.

"Hicho kimbunga kikubwa kiasi gani? Kama Morogoro?"

"Kikubwa kuliko mkoa mzima, mama."

"Na kinazunguka chote?"

Nikachukua sufuria ya chai, nikakoroga kwa mwiko hadi majani ya chai yakawa yanakimbia pembeni na katikati pakawa shimo. Nikawaambia hivyo ndivyo kinavyokaa, ila badala ya mwiko ni dunia yenyewe inayokizungusha kwa kuzunguka kwake. Nikawaambia pia kitu nilichokuwa nakipenda zaidi katika kurasa zangu, kwamba karibu na mstari wa ikweta msukumo huo ni dhaifu, na ndiyo maana vimbunga vingi vinapita mbali kusini mwetu na pwani yetu huponea chupuchupu.

"Sasa kama vinapita mbali," Mama Skola akauliza, "mbona unamtia mtani wangu presha?"

Nilikuwa na kurasa mbili zilizosema mambo mawili, na sikuwahi kuziweka pamoja. Bi Mwanahawa alimpigia kaka yake siku hiyo hiyo. Mzee Salumu akavuta nyavu, akafunga mapaa kwa kamba, akakaa ndani akisubiri. Hakikuja kitu. Kilikuja kitu kingine, jua. Kimbunga kilikaa kule kusini kama mtu mwenye kiu, mawingu yetu yote yakawa yanaelekea kwake, na Morogoro mbingu ikawa tupu kwa muda mrefu. Miche ya Mama Skola ikaanza kunyauka. Nilishangaa mno. Hakuna ukurasa wangu uliokuwa umeniambia kwamba dhoruba ya mbali inaweza kukausha shamba la Mgeta, na nilitumia bando zima kutafuta sababu mpaka nikaelewa kwamba hewa yenye unyevu huvutwa kuelekea kule inakozunguka. Nilipomweleza Mama Skola alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo unatangaza mvua, tunapata jua. Wewe ni nabii wa wapi?" Tangu siku hiyo jina langu uani likawa Kimbunga.

Februari nilitangaza kingine. Machi kingine. Kila mara nilikuwa nimeona duara kwenye simu, na kila mara niliona dhambi kunyamaza. Sikuelewa kwamba hofu nayo ina akiba, ukiitumia ovyo inaisha. Mara ya tatu Mzee Salumu hakufunga mapaa. Alimwambia dada yake kwenye simu, nami nasikia kwa kuwa Bi Mwanahawa alikuwa anaweka simu kwenye spika akiwa anakuna nazi: "Mwambie kijana wako kwamba huku tuna kazi za kufanya." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Masika ikaingia vizuri mwaka ule, na nzito. Mlima ulikaa ndani ya mawingu siku nyingi mfululizo, mabonde yakawa yanatoa sauti, na Mto Rufiji, tulisikia, ulikuwa umeshavimba tayari. Mwishoni mwa Aprili niliwaambia wote kwamba msimu umekwisha. Nilisema kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Nilihisi nimetuliwa mzigo, kwani miezi yote hiyo nilikuwa naamka na kushika simu kabla sijanawa uso. Bi Mwanahawa akafurahi kuliko mimi, kwa sababu alikuwa na jambo. Rehema, binti wa Mzee Salumu, alikuwa anaolewa. Walisubiri Ramadhani ipite, na sasa walikuwa wanachagua siku. Alimpigia kaka yake mbele yetu.

"Kimbunga kimestaafu," alisema akicheka. "Kijana anasema salama."

"Alhamdulillahi, tumepata kibali," Mzee Salumu akajibu. "Basi ni Jumamosi ile ya bamvua. Maji yatajaa, boti za wageni ziingie hadi uani. Wazee hawatakanyaga tope."

"Bamvua ni nini?" Mama Skola akauliza, kinywa kimejaa muhogo.

Bi Mwanahawa akamweleza kwamba bahari haijai sawasawa siku zote. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda kupita kiasi, hiyo ndiyo bamvua, na kule kwao harusi nyingi hupangwa humo. Kijiji chao kimezungukwa na mikoko na njia zake ni za maji. Maji yakipwa, wageni hushushwa mbali wakatembea kwenye matope hadi magotini na nguo zao za harusi. Maji yakijaa, boti inafika mlangoni. Mama Skola akasema mtu mwenye akili angejenga mahali ambapo mgeni anafika kwa miguu yake, wakaanza tena kutukanana. Mimi nilifurahia neno jipya. Bamvua. Nililipenda. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Wiki ya harusi ilikuwa Mei tayari. Jumanne mchana, steshenari haina mteja, nilifungua simu kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa jino lililokwisha kung'olewa. Nikaona duara. Lilikuwa dogo, kaskazini zaidi ya yote niliyoyaona mwaka mzima, mbele ya pwani yetu wenyewe, mahali ambapo nilikuwa nimewaambia watu kwa sufuria ya chai kwamba ni vigumu. Kwanza nilidhani simu inaonyesha picha ya zamani. Kisha redio ya dukani nayo ikatoa tahadhari kwa mikoa ya pwani. Nilisoma chochote nilichoweza, na ndipo nilipogundua kile ambacho kurasa zangu hazikusema: kwamba hivyo vichache vinavyofika kwetu, vinapenda kuja mwishoni, wakati ratiba imeshafungwa na watu wameshageuka. Kwa nini mwishoni, hadi leo sijaridhika na jibu nililonalo. Lakini nilielewa kitu kingine, na hicho kilinifanya niinuke kwenye kiti. Mto umeshajaa masika, unasukuma maji kutoka bara. Jumamosi ni bamvua, bahari inasukuma maji kutoka upande wa pili. Upepo ukija juu ya hayo mawili, nyumba ya Mzee Salumu iko katikati, na wageni wote wa harusi wako kwenye boti. Novemba na Aprili hazikuwa na maana yoyote kwa nyumba ile. Msimu wake ulikuwa siku moja tu, na ndiyo waliyoichagua.

Niliandika meseji. Nataka kuwa mkweli kuhusu meseji ile kwa sababu niliihifadhi muda mrefu na kuisoma ilikuwa adhabu. Nilikuwa nimekosea mara tatu, hivyo safari hii nilitaka isiwe na kosa. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Niliondoa neno "hatari" nikaweka "uwezekano wa athari." Nikaondoa "msiende" nikaweka "ingefaa kutafakari." Niliongeza kwamba mwelekeo unaweza kubadilika, kwamba nguvu inaweza kupungua, kwamba vyanzo vinatofautiana. Wateja wawili walikuja wakaondoka bila kuhudumiwa. Ilipokuwa kamili kabisa niliituma. Jibu la Mzee Salumu lilikuja baada ya muda mfupi: "Ahsante mwanangu. Karibu harusini."

Jioni nilimwambia Bi Mwanahawa kwa mdomo. Alikuwa anapanga sanduku la safari, kanga mpya, ubani, udi, zawadi za Rehema. Aliposikia alikaa kitandani.

"Umemwambia kaka?"

"Nimemwandikia."

"Amesemaje?"

"Amenikaribisha harusini."

Hakucheka. "Mpigie wewe, mama," nikamwomba. "Atakusikia."

"Siwezi." Alizungumza polepole, huku anakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. "Mimi ni shangazi wa bi harusi. Shangazi akisema harusi ina balaa, anaichuria. Ikitokea lolote, hata mtoto akajikwaa, watasema shangazi aliita. Na isipotokea, Rehema ataingia kwenye ndoa anajua shangazi yake aliitakia mabaya. Huwezi kuelewa wewe. Haya maneno kwetu hayasemwi. Yakisemwa yanakaa."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja zote. Kimbunga hakisikilizi simu, hakiji kwa kuitwa. Lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba anaamini kimbunga kinakuja, anaamini kabisa, na bado hawezi. Hilo lilinishangaza kuliko dhoruba yenyewe. Mwaka mzima nilidhani watu hawafuati onyo kwa sababu hawajui. Hapa alikuwepo mtu anayejua kila kitu ninachokijua, mdomo wake umefungwa na mapenzi yake kwa mtoto wa kaka yake.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Bi Mwanahawa alipaswa kuondoka mchana. Mama Skola aliingia na mvua, kapu kichwani, akaliweka chini akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mmekaa kama mmekula sumu?" Nikamweleza, nikianza na mto, nikafika kwenye bamvua, nikafika kwenye upepo. Safari hii sikuwa na sufuria. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na maji yakija, hao wa kwenye boti watakimbilia wapi?" Nikasema hakuna pa kukimbilia, ni mikoko tu. Akafuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia Bi Mwanahawa.

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Lete simu, mchoyo wewe. Nina deni langu na kaka yako."

Walikuwa hawajawahi kuonana, yeye na Mzee Salumu. Walijuana kwa sauti, kwa matusi ya kupokezana kupitia spika ile ile. Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya mzee tulisikia watu wengi, nyundo, wanawake wakipiga vigelegele.

"Haloo! Wewe Mndengereko, hujafa bado?"

"Nani huyo mwenye sauti ya mbuzi wa mlimani?"

"Ni mtani wako mwenye mali zote hizo unazozishikilia. Nasikia Jumamosi bahari inakuja kula pilau kwako."

Kule nyuma nyundo iliendelea. Mzee akasema kwa sauti ya chini: "Mtani. Usinichurie."

"Nakuchuria kabisa!" Mama Skola alisimama, mkono kiunoni, kana kwamba mzee yuko mbele yake. "Nani mwingine akuchurie? Dada yako yupo hapa anaogopa, anatafuna ncha ya kanga. Kijana wake anaogopa, amekuandikia barua kama ya mkuu wa wilaya. Mimi sikuogopi. Nasema utakufa maji wewe na pilau lako na wageni wako. Halafu nitashuka kutoka Mgeta, nivae msuli wako, nitembee kama wewe mbele ya watu, nile ubwabwa wa msiba wako na nibebe godoro la bi harusi. Samaki washibe halafu sisi watani tukose? Haiwezekani!"

Bi Mwanahawa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilidhani mzee atakata simu. Badala yake tulisikia kicheko, kwanza kidogo, cha puani, halafu kikubwa, na sauti za watu wengine kule wakiuliza kuna nini, naye akiwaambia, "Mluguru ananizika mzima mzima!" na wao wakicheka. Lilikuwa limesemwa. Limesemwa mbele ya watu wa harusi, neno lenyewe, kufa maji, na hakuna aliyelaaniwa kwa kulisema kwa kuwa aliyesema ni mtani.

"Haya, faini yako nini?" Mzee akauliza, bado anahema kwa kicheko.

"Harusi ihamie nchi kavu. Kibiti si una ndugu?"

"Na boti za wageni?"

"Zitembee kwa miguu. Wenzenu tunapanda mlima na kabichi."

Akacheka tena, lakini mara hii kicheko kilikwisha mapema. "Hebu nipe huyo Kimbunga."

Nilishika simu kwa mikono yote miwili. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Niambie, kinakuja au hakiji?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelikimbia tangu Jumanne kwa maneno yote yale mazuri. Ulimi ulitaka kusema uwezekano, mwelekeo, vyanzo. "Sijui, mzee," nikasema. "Kinaweza kugeuka. Najua tu kwamba kikija, kitakuja siku ya bamvua, na mto umeshajaa."

Nilisikia nyundo zimesimama kule.

"Juu ya bamvua," alisema, si kwangu, kwake mwenyewe. Kisha kwangu: "Hilo ndilo ungeanza nalo, mwanangu. Hayo mengine sikuyaelewa."

Ijumaa asubuhi walivusha bi harusi, wazee, majungu, magunia ya mchele na turubai hadi barabarani, wakaenda Kibiti. Bi Mwanahawa aliwakuta huko. Baadhi ya wageni walinuna, na upande wa bwana harusi walisema wameaibishwa. Jumamosi Mafiga ilinyesha toka alfajiri, mvua isiyo na ngurumo, na mimi nilikaa uani chini ya bati nikiitazama simu. Kimbunga kilipokaribia nchi kavu kilianza kulegea. Nilikiangalia kinapoteza umbo lake nadhifu, na nakiri kwa aibu, nilitamani kisilegee ili nisiwe nimekosea mara ya nne. Ni wazo baya na nililifikiria.

Bi Mwanahawa aliporudi alitusimulia huku anavua viatu vilivyoharibika. Upepo haukuwa kitu, alisema, hata turubai la Kibiti halikung'oka, na Rehema aliolewa kwenye ukumbi wa jirani ambao paa lake lilivuja juu ya maulidi nzima. Lakini kule delta maji yalikuja. Yalikuja yakisukumwa na bahari, yakakutana na ya mto, yakawa hayana pa kwenda. Uani walipokuwa wametandika mikeka ya harusi maji yalifika madirishani. Jiko liliondoka lote. Gati dogo walilokuwa wametengeneza kwa ajili ya wageni halikuonekana tena. "Kaka alirudi kutazama akakaa chini," alisema. "Halafu akaniambia, mpe mtani wangu faini nyingine, yoyote anayotaka."

Hatukuweza kumpa, kwa sababu siku ya soko Mama Skola hakuja. Wala siku ya soko iliyofuata. Alipokuja hakuwa na kapu. Mvua ile ile ilipanda mlimani baada ya kumaliza pwani, ikakuta udongo umelowa masika nzima, na kipande cha shamba lake cha njegere kikateremka hadi bondeni. Nyumba ilipona. Alituambia haya amesimama mlangoni, amechoka, na nikaona Bi Mwanahawa anatafuta la kusema. Pole hawakuzoea kuambiana. Mwishowe alisema, "Mtani, shamba lako limekukimbia. Na mimi ningekuwa shamba lako ningekimbia." Mama Skola akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na alipokwisha kucheka alilia, na Bi Mwanahawa akaenda kukaa naye. Mimi nilibaki na birika mkononi. Wiki ile yote macho yangu yalikuwa baharini. Mlima ulikuwepo hapo juu ya ukuta kila asubuhi, na sikumwambia mtu yeyote wa Mgeta neno lolote.

Steshenari niliacha miaka miwili baadaye, na sasa nafanya kazi kwenye redio ya jamii hapa mjini, naandaa taarifa za mvua kwa wakulima na wavuvi. Tangu mwaka ule sijatangaza msimu umefunguliwa au umefungwa. Masika ikianza kukolea namuuliza Mzee Salumu bamvua zinaangukia lini, nawauliza watu wa Mgeta udongo umelowa kiasi gani, kisha ndipo natazama bahari, na naendelea kutazama mpaka Mei iishe. Nikiwa na onyo naliandika mara moja, kwa sentensi fupi, nikieleza maji yatafika wapi na ninachokijua na nisichokijua. Shuka bado nalinyoosha pande zote. Mzee Salumu amejenga Kibiti, na nyumba ya delta anaitumia kiangazi tu.